Los Angeles na Dallas, Zilivyopimwa Gesima

Nimeandika kuhusu miji mikubwa kumi na minne, na hakuna hata mmoja niliowahi kuufikia. Kampuni moja ya ng'ambo hunilipa niwaeleze wasafiri treni ipi ni safi na mtaa upi wasiupite gizani. Naandikia chumbani kwangu, hapa Gesima, dirisha likitazama majani chai ya jirani. Pasipoti sina. Mwaka jana nilipotea Kisii mjini, kwa sababu duka la vitabu nililozoea kukatia kona lilikuwa limehama. Nilisomea ualimu wa Jiografia.

Jirani mwenye majani hayo ni Mama Drusilla, mjane wa miaka sitini na minane. Jumatano moja, akitoka kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, alipita kwangu na aproni yake ya plastiki bado kiunoni. Nilikuwa na habari zake, kama kijiji kizima: alikuwa amepata viza ya kwenda Marekani kuwatembelea watoto. Phanice ni muuguzi Dallas. Ongeri anafanya kazi kwenye ghala Los Angeles. Kila mmoja alimtaka kwake, na walikuwa wamegombana hadi wakakubaliana kwamba mama achague mwenyewe.

"Nina wiki tatu tu, Kemuma," akaniambia. "Ng'ombe anakaribia kuzaa."

"Si uzigawe, Mama?"

"Nikizigawa, kila mmoja atasema mwenzake alipata nusu kubwa. Wewe ndiye unayejua miji. Niandikie upi unafaa. Uandike vizuri, mtu akisoma aamini."

Niliona aibu kidogo, kisha nikaona fahari, na fahari ikashinda. Nilifanya kazi siku mbili. Nilichora jedwali lenye safu tatu: ukubwa wa mji, usafiri wa umma, usalama wa mgeni. Kila safu alama kumi. Nilipiga rangi. Los Angeles niliipunguzia alama kwa kutawanyika kwake, na nyingine kwa sababu nilikuwa nimesoma malalamiko ya watalii waliopoteza pochi. Dallas nayo imetawanyika, lakini Phanice anaishi mtaa mtulivu na kituo cha basi kiko mlangoni pake. Matokeo: Dallas ishirini na moja, Los Angeles kumi na saba. Chini nikaandika sentensi ambayo bado inaniumiza nikiikumbuka: "Mgeni wa umri mkubwa anashauriwa kuzingatia Dallas."

Ijumaa mchana nikampelekea. Alivaa miwani akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza alirudi juu akaanza tena.

"Sabato umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote. Mimi, binti wa mzee wa kanisa, niliyekulia kwenye nyumba ambamo viatu vilipigwa rangi Ijumaa kabla jua halijatua na chakula cha kesho kikapikwa leo! Najua vizuri kwamba mtu wa rika la Mama Drusilla hatoi nauli siku ya Sabato. Kanisa likiwa vilima viwili mbele, anatembea vilima viwili. Nilikuwa nimeipa Dallas alama nane kwa basi ambalo mgeni wangu hangeweza kulipanda siku ambayo angelihitaji zaidi.

"Phanice anafanya zamu kila Jumamosi," akasema. "Kanisa liko mbali naye. Ni kupanda basi."

"Na kwa Ongeri?"

"Barabara ya tatu kutoka kwake. Ni kutembea tu."

"Umejuaje?"

"Nilimuuliza."

"Lini, Mama?"

Akaitazama aproni yake. "Kabla sijaja kwako."

Hapo ndipo jiografia yangu yote ilipokwisha. Ongeri hakuja kumzika baba yake, mzee Omwenga. Wengine walisema ni makaratasi, wengine wakasema mambo mengine. Tangu siku hiyo humpigia mama yake simu ya dakika mbili, mara moja kwa mwezi, kama mtu anayesoma mita. Phanice hupiga kila jioni. Sasa mama atamwambiaje huyu wa kila jioni kwamba anakwenda kwa yule wa dakika mbili? Hakuja kwangu kutafuta ushauri. Alikuja kutafuta karatasi ya kusingizia, nami nikamletea karatasi yenye rangi inayomkatalia.

"Ongeza safu," akasema. "Sabato. Ongeri mpe kumi."

"Na Phanice?"

"Moja. Hapana, mpe mbili. Ana roho nzuri."

Nikajumlisha: Los Angeles ishirini na saba, Dallas ishirini na tatu. Kuna jambo moja sikulisema. Tiketi ya wiki nzima mtu anaweza kuinunua mapema, hata Alhamisi. Nimewaandikia ushauri huo maelfu ya watu nisiowajua. Huyu mmoja ninayemjua nikamnyima, na roho haikunisuta.

Phanice alipiga kabla jua halijatua, kama kawaida ya Ijumaa. Mama aliiweka simu kwenye spika akamsomea jedwali lote, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Nani ameandika hayo?" Phanice akauliza.

"Kemuma."

"Kemuma huyu wetu? Amefika Los Angeles lini?"

"Sijafika," nikasema kutoka kwenye stuli yangu.

"Dallas je?"

"Hata Dallas."

Alicheka, lakini kidogo. "Mama, na mimi nikikununulia tiketi ya wiki Alhamisi? Jumamosi unapanda tu, hutoi senti."

Mama Drusilla akanigeukia. Nikaangalia miguu yangu. Miaka yote ya kuandika, na muuguzi aliyechoka amenishinda kwa sentensi moja.

"Mama," Phanice akasema, taratibu sasa. "Sema tu unataka kumwona Ongeri."

Nje kulikuwa na mtu akimwita mbuzi wake. Mama Drusilla alivua miwani, akaikunja, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Nataka kumwona Ongeri," akasema. "Nataka kumwona kwa macho, mwanangu. Nijue kama anakula."

Tulimsikia Phanice akivuta kiti.

"Kemuma, upo?" Phanice akauliza.

"Nipo."

"Mwandikie nambari ya Ongeri kwenye karatasi, kubwa, aiweke kwenye mkoba wa mkononi. Chini yake andika yangu. Huyo kijana asipotokea uwanja wa ndege, mtu yeyote anipigie mimi, saa yoyote."

Niligeuza lile jedwali, kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine karibu, nikaziandika zote mbili. Mama alinisimamia akizihesabu tarakimu moja moja.