Sahani Juu ya Tumbo

Baada ya kumzaa binti yangu wa kwanza, mgongo ulinigomea. Wanawake wa kwetu Bulengera hubeba gunia la maharagwe kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, wakapanda mlima huku wanacheka. Mimi nilishindwa hata kumbeba mtoto hadi kwenye chemchemi. Ilikuwa miaka ya vita. Mume wangu alikuwa amekwama Beni na bidhaa zake, na nilijiuliza jambo moja tu: tukikimbia, nani atambeba huyu?

Kwenye kituo cha afya kulikuwa na kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye serikali ilimleta kutoka mkoa wa mbali kisha ikamsahau. Alinilaza chali mkekani, magoti juu, nyayo chini, akaniambia niinue kiuno mpaka niwe daraja. Halafu akaniwekea sahani ya maharagwe chini ya kitovu. Nyayo zote zikiwa chini, kazi kubwa ilikuwa ya makalio. Nikinyoosha mguu mmoja hewani, sahani ilitaka kupinduka, na hapo misuli ya tumbo, hasa ya ubavuni, ndiyo ilipaswa kuizuia.

Sikumwaga hata punje moja. Nikajiona hodari! Yeye akanigusa tumbo, akakuta kitenge ambacho mama mkwe alikuwa amenikaza nacho tangu nijifungue.

"Mama, fungula hii kitenge. Kitenge njo iko inafanya kazi. Tumbo yako iko inalala tu."

Mama mkwe, aliyekuwa amenisindikiza, akawaka. "Donc unataka tumbo ya muke ya mutoto yangu ianguke?"

"Hapana, mama. Nataka iamuke."

Nikakifungua, nikanyoosha mguu tena. Maharagwe yakamwagika yote, nikalia kwa hasira. Lakini nilirudi kila siku, nikimwaga, nikiokota, nikimtukana kimoyomoyo, mpaka nikaweza mguu mmoja, kisha nyayo zikiwa juu ya benchi. Mungu anisamehe yale matusi.

Asubuhi moja risasi zililia karibu. Nilimfunga binti yangu mgongoni, tukatembea hadi Vuhovi. Mara tatu mama mkwe alinyoosha mikono anipokee mtoto, mara tatu nikakataa. Tulipofika, aliweka kiganja chake tumboni mwangu.

"Ukimuona ule mwanaume wa maharagwe, umupatie na aksanti yangu."

Tuliporudi, chumba cha yule kine pale kituoni kilikuwa kimefungwa, na hakuna aliyejua alikoelekea. Asante zetu zote mbili ninazo mpaka leo.