Meza Iliyokataa Kupita Mlangoni

Mashine ilifika nyumbani kwetu Bluff, hapa Durban, kabla ya meza. Anko aliileta mwenyewe kwenye buti ya gari lake, ameizungushia blanketi, na alipojaribu kuinyanyua ikamshinda, akaanza kucheka na kuniita nitoke nje. Ilikuwa chuma kitupu, kizito kama kinu cha mawe, na mkono wake mrefu wa kuvuta ulikuwa umechomoza kwenye blanketi kama mguu wa mbuzi aliyechoka kufungwa.

"Macho yangu yamekwisha," aliniambia. "Sioni tena ndani ya ganda la risasi. Chukua wewe. Ila nakuomba, usije ukaifunga kwenye meza ya jikoni. Ijengee meza yake."

Anko si ndugu yangu. Durban mzee yeyote wa Kihindi unayemheshimu ni Anko, na huyu alikuwa mwalimu mstaafu niliyemkuta kwenye klabu ya shabaha, siku wenzangu wa kiwandani Pinetown waliponiburuta huko tukajaribu. Mimi nashona mapazia. Nimezaliwa Tanga kwa mama mshonaji, na tangu utotoni kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano. Sikuwahi kushika bunduki. Siku ile nikalala kifudifudi kwenye mkeka, nikabana pumzi kama ninavyoibana ninapotunga uzi, nikabonyeza. Anko akachungulia kwa darubini yake, akaniangalia, akachungulia tena. "Dada," akasema, "wewe ulikuwa wapi siku zote?"

Basi nikanogewa. Nikafuata kozi, nikafuata vibali, nikasubiri kwa polisi mpaka wakanizoea, na mwisho nikapata bunduki yangu ya shabaha, ya aina ileile ya Anko, inayokula risasi zilezile. Na mtu akishafika hapo hawezi kukwepa kujaza risasi mwenyewe. Unaokota maganda matupu ya shaba, unayasafisha, mashine inayarudisha umbo lake, kisha unayapa fataki mpya, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, halafu baruti iliyopimwa kwenye mizani, na kichwa kipya. Anko alinieleza kwamba risasi ya dukani ni gauni la dukani: litakuingia, lakini halikushonewa wewe. Angeniambia jambo gani zaidi ya hilo, mimi mshonaji? Usingizi wote ukaniruka.

Mtu wa kumwambia alikuwa mume wangu. Yeye ni wa Bukavu, Kongo, fundi simu mjini. Nilipoleta bunduki mara ya kwanza alikuwa anaosha kikombe, na alikiosha kikombe kile muda mrefu sana.

"Mama," akaniambia bila kugeuka, "mimi nilikimbia ile kitu na miguu yangu. Sasa weye unaileta mu nyumba?"

Jumamosi iliyofuata nikamwomba anisindikize uwanjani tu, akae ndani ya gari. Alikaa, vioo vyote amevipandisha. Kidogo akateremsha kimoja. Alikuwa anawaona wapiga shabaha wenyewe: bibi mmoja na chupa yake ya chai, mzee wa sweta la kufumwa akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, mwingine akilalamika kwamba mkeka unamuumiza goti. Mume wangu akatoka, akaegemea gari, akacheka mpaka akainama.

"Hii njo vita ya wazee?" akaniuliza, kwa ile "njo" yao iliyo "ndiyo" yetu. "Wote wanalala chini, na kuamuka njo haiwezekani!"

Tangu siku hiyo alikubali, kwa masharti. Bunduki ikae kwenye kasha la chuma lililofungwa ukutani, na hilo hata sheria inataka. Na baruti isilale chini ya paa moja na mama yake. Mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bukavu, na matembezi yale hayajaisha mpaka leo, alhamdulillahi, maana anapika sombe, kisamvu cha kwao, ambayo hata mimi Mswahili wa pwani nimesalimu amri.

Kwa hiyo ilibaki sehemu moja: chumba cha nje, kile kidogo cha uani ambamo wenye nyumba wa zamani walimweka mfanyakazi wao. Kina dirisha moja linaloelekea winchi za bandarini, na mlango mwembamba unaotazamana na ukuta wa jirani. Tulikuwa tunaweka humo masanduku na ubao wa kupigia pasi. Tukavitoa vyote, tukafagia, tukasimama katikati ya chumba kitupu tukitazamana kama maharusi.

Nilitaka meza kubwa. Kiwandani nakatia vitambaa kwenye meza ambayo watu wawili wanaweza kulala juu yake bila kugusana, na kichwani mwangu meza ya maana ni ile. Nikachukua chaki yangu ya ushonaji, nikapiga magoti, nikaichora sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Hapa mashine, kwenye kona, juu kabisa ya mguu wa meza ili isiyumbe. Hapa mizani, mbali na dirisha, kwa sababu Anko alinionya kwamba upepo mdogo tu unaisukuma ikakudanganya, na kipimo cha baruti si cha kukisia kama chumvi. Hapa taa. Pale pembeni, kabati la mbao la baruti, lenye kufuli, na fataki zikae mbali nayo kwenye kisanduku chao.

"Na mukono ya mashine itapita wapi?" akauliza mume wangu.

"Si utapita tu."

"Vraiment, kweli? Ngoja." Akasimama kwenye kona, akanyoosha mkono wake juu, akasema yeye ndiye mashine, nimvute. Nikamvuta. Mkono ukashuka ukanigonga goti. Tukasogeza mashine. Nikamvuta tena, safari hii kiwiko chake kikagonga ukuta, akapiga yowe la uongo. Tulicheka mpaka tukashindwa kusimama. Halafu akataka kujua urefu wa meza, akajilaza ndani ya mchoro wangu, nami nikamzungushia chaki mwili mzima ili tujue urefu wake unaishia wapi.

Alipoondoka kwenda kutafuta futi, mama mkwe akaingia na chai. Akaona lile umbo la mtu sakafuni.

"Nani amekufa?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nilijaribu kumweleza, lakini kicheko kilinikaba, na kadiri nilivyocheka ndivyo alivyozidi kuniangalia kama mtu aliyemuua mwanawe. Mwanawe mwenyewe akatokea mlangoni na futi mkononi. Mama akampa chai yangu, akaondoka na ile nyingine.

Ubao wa juu wa meza tuliupata kwa bahati. Rafiki wa mume wangu, Mkongomani mwenzake, alikuwa kwenye kazi ya ukarabati wa ghorofa moja South Beach, na huko walikuwa wanang'oa milango ya zamani, ile ya mbao tupu ndani, si hii ya siku hizi iliyo na hewa katikati. Akatuletea mmoja. Ulikuwa mzito, umenyooka, hauyumbi, kana kwamba ulikuwa unangoja kustaafu uwe meza. Tukaujengea uani: miguu ya mbao nene, bolti za kupitiliza, rafu chini ya kuwekea matofali ya kuongeza uzito. Mume wangu alikaza kila bolti kwa spana huku akipiga mluzi. Mimi nilipiga msasa. Jirani yetu Mzulu alikuja kwenye uzio kutazama, akasema meza ile ingeweza kubeba ng'ombe. Nilijisikia fahari kama nimezaa.

Jumamosi iliyofuata tukaiinua kuiingiza. Mume wangu alitangulia kinyumenyume, mimi nyuma. Miguu ya mbele ikaingia. Tukailaza ubavu, tukaizungusha, ikaenda, ikaenda, kisha ikasimama. Upande wangu ulikuwa umegusa ukuta wa jirani, upande wake umekwama kwenye fremu. Tukarudisha nyuma: haikurudi. Tukasukuma mbele: ikalia kama punda na kukwama zaidi.

Tulikuwa tumepima chumba. Tulikuwa tumepima dirisha, taa, kiwiko chake na goti langu. Mlango hatukuupima.

"Papa," nikamwita kupitia pengo, "toka tufikirie."

Kisha sauti yake ikaja polepole. "Natoka wapi?"

Meza ilikuwa imeziba mlango kabisa, na dirisha lile lina nondo. Mume wangu alikuwa ndani, na hakukuwa na njia. Niliegemea ukuta wa jirani nikateleza mpaka chini, nikacheka machozi yakinitoka. Naye huko ndani nikamsikia akianza, kile kicheko chake cha kukoroma, mpaka jirani akaja kuangalia kuna nini.

"Eish," akasema jirani, akiinama kuchungulia. "Mlango umekwama mlangoni?"

Hapo ndipo kicheko kilipotumaliza nguvu. Mama mkwe alikuja, akaelewa mara moja, hakucheka hata kidogo. Alikwenda dirishani, akampitishia mwanawe kikombe cha chai katikati ya nondo, halafu mkate, na akasimama pale akimtazama akila, kama mtu aliyekwenda kumwona ndugu yake korokoroni.

"Ulikuwa mutoto mwenye akili," akamwambia.

Jirani alishauri tung'oe fremu. Mume wangu, kinywa kimejaa mkate, alisema nyumba si yetu, fremu hatugusi. Nikaiangalia meza. Theluthi yake ilikuwa bado nje, kwangu, na ndiyo hasa iliyogonga ukuta. Moyo uliniuma, nikakumbuka msasa wote ule. Lakini kitambaa kikizidi, mshonaji anajua dawa yake.

"Nikate?" nikauliza.

"Kata, Mama. Kata kabla Maman haijaniletea godoro." Mama ni mimi; Maman ni mama yake.

Jirani alileta msumeno wake. Nikapiga mstari kwa chaki, tukafungua bolti za miguu ya upande wa nje, na tukakata kwa zamu, mimi na jirani, vumbi la mbao likitujaa nywele. Kipande kilipoanguka, meza ilijiachia yenyewe ikateleza ndani kama iliyoitwa. Mume wangu akatoka na kikombe kitupu, akamkumbatia jirani, akanikumbatia mimi, akataka kumkumbatia mama yake akasukumwa.

Tukaipeleka ukutani, tukairudishia miguu yake. Nikakaa kwenye stuli. Nikanyoosha mkono wa kulia: mashine. Wa kushoto: mizani. Taa juu ya kichwa, rafu mbele ya macho. Sikulazimika kuinuka wala kujinyoosha kwa chochote. Ile meza kubwa niliyoiota ingenifanya nitembee siku nzima kama nakata mapazia ya hoteli. Hii ilinienea mwili. Nilizunguka kwenye stuli mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Siku ya kuifunga mashine alikuja Anko. Alipapasa bolti zote kwa vidole, akatikisa meza kwa nguvu zake zote, ikamtikisa yeye. Akakagua kabati la baruti, akauliza kuhusu kufuli, akaridhika. Kisha akaniwekea ganda moja tupu mahali pake, akarudi nyuma.

"Vuta."

Nikavuta. Mkono ukashuka laini, haukugonga goti wala ukuta, na ganda likatoka limenyooka, linang'aa kama pete mpya. Nikalishika kwenye mwanga. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti kile tangu baruti na fataki zilipoingia. Akaingia. Akaniomba lile ganda, akaligeuzageuza kwa vidole vyake vya kufungulia simu.

"Lina uchafu kidogo hapa chini," akasema. "Mu kashimo. Unaona?"

Sikuona. Anko naye hakuona. Mume wangu akachukua kijiti cha pamba, kile cha kusafishia simu, akalisugua, akalipuliza, akaliweka mezani. Akachukua lingine. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa. "Maganda matupu njo naweza," akasema. "Baruti iko yenu."

Anko alinitazama, akaziba mdomo asicheke. Mchana ule wote walikaa mabega kwa mabega, mwalimu wa Kihindi na fundi simu wa Bukavu, wakibishana juu ya usafi wa shaba kwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, na mimi nikipima baruti kwenye mizani, pumzi nimebana, feni tumezima, jasho likinitiririka mgongoni, furaha imenijaa.

Jumapili ya pili yake tulikwenda uwanjani wote. Mama mkwe alikaa kwenye gari na vioo amevipandisha, kama mwanawe zamani. Nikalala kwenye mkeka, nikatia risasi zangu, moja moja, taratibu. Kila mlio ulinipa msisimko mpaka kwenye visigino. Nilipomaliza, wapiga shabaha waliruhusiwa kwenda kuchukua karatasi zao, na mume wangu hakusubiri. Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia.

Alirudi ameishika karatasi kwa mikono miwili. Matundu yalikuwa yamesongamana, mengine yameshikana kabisa, ungeweza kuyafunika yote kwa kifuniko cha soda.

"Maman!" akaita akielekea garini, akigonga kioo. "Maman, shusha! Angalia maganda yangu!"