D3 ni Mtu au ni Siku?

Bado naukumbuka mchana wa Jumanne ile, mwanangu unayeanza kuandika programu. Nisamehe kukuita hivyo. Sijafika miaka thelathini, lakini siku ile ilinizeesha.

Kuandika programu nilijifunza peke yangu, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Chaji ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo kila jina ndani ya programu nililifupisha: a, k, d3. Nilipopata kompyuta, ufupi ule niliubakiza kwa kiburi. Msimbo, yaani maandishi ya programu, ukibanwa niliuona safi. Niliusugua kila siku, nikiogopa mtu asije akaona herufi ya ziada.

Kituo kimoja cha afya huko Beni kilitumia programu yangu kutafuta watu wa kutoa damu. Jumanne hiyo programu ilileta orodha tupu, na mama aliyetoka kujifungua alikuwa akivuja damu. Kavira, fundi wao wa kompyuta, akafungua msimbo, akanipigia simu, akiniita Yaya, yaani mkubwa wake, kama ilivyo heshima kwetu.

"Yaya, hii d3 ni mutu ao ni siku?"

Nikaufungua msimbo kwangu. Nilikuwa nimesahau.

"Yaya! Ni weye uliandika ao ni shetani?"

"Ngoja kidogo, naangalia..."

"Donc basi, hata weye hapana jua." Akakata simu.

Wahudumu wakachukua daftari la zamani la watoaji damu, pikipiki ikazunguka mtaa wa Bungulu nyumba kwa nyumba. Mtoaji alipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja tu. D3 ilikuwa idadi ya siku tangu mtu atoe damu, nami nilikuwa nimegeuza sharti lake: waliokwisha kupumzika vya kutosha ndio walioondolewa.

Nilipokwenda Beni, Kavira hakunigombeza. Aliuchapa msimbo kwenye karatasi, akausoma kwa kidole, na kila aliposimama bila kuelewa akatia nukta kwa kalamu. Ukurasa wa kwanza ulijaa.

"Kipimo yako ni hii, Yaya."

Niliuandika upya. Nikaukata vipande vidogo, kila kitu nikakipa jina lake kamili. Akausoma tena, nukta zikapungua. Mama hakurudi.

Basi mwanangu, usijipime kwa macho yako. Mpe mwingine asome, wewe ufunge mdomo, uhesabu anaposimama. Hapo ndipo pa kurekebisha, hata kama unapapenda.

Mungu akupe msomaji mkali mapema, kabla ya siku ya shida. Na akupe usingizi, ambao mimi bado nautafuta.