Posa ya Dola Mbili na Senti Tisini na Tisa

Earline Istre alikuwa na miaka hamsini na nane, magoti mazima, ulimi mkali, na kituo cha mafuta chenye pampu mbili alichorithi kwa baba yake. Kama umewahi kupita Coteau Rouge, kule kusini kabisa mwa Louisiana ambako barabara inakaribia kuzama kwenye matete, basi umemwona: mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, ameshika mti mrefu, anabandua tarakimu za bei kwenye kibao cha juu na kubandika nyingine. Kibao cha umeme, kile cha kubonyeza tu, alikikataa katakata. Alisema bei ikipanda, watu wamwone mtu akitoka jasho kuipandisha.

Ndani ya kituo kulikuwa na duka, na ndani ya duka, karibu na sufuria ya soseji za wali na maini, kulikuwa na meza moja. Hapo ndipo lilipokutana Bunge la kweli la Marekani, saa kumi na mbili asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili. Mkubwa wa kelele alikuwa Ulysse Romero, ambaye alisafirisha kamba wa matope kwa lori hadi mjini na ambaye hakuwahi kunong'ona maishani mwake. Upinzani ulikuwa Clovis Mouton, mjane, mtu mrefu mwenye maneno machache, aliyestaafu majira ya kuchipua yaliyopita.

Na Clovis alistaafu kazi gani? Hapo ndipo utamu ulipo. Chini ya mji ule, chini kabisa ya ng'ombe na matete, kuna mapango ya chumvi, na humo serikali imehifadhi mafuta ya siku mbaya. Clovis aliyalinda miaka ishirini na saba. Alisoma mita, alikaza boliti, akarudi nyumbani. Kwa hiyo bei ilipofika dola tatu na senti themanini na tisa kwa galoni, na wakubwa kule Washington wakaanza kurushiana maneno kama hifadhi ifunguliwe ili bei ishuke au isifunguliwe, pale mezani ugomvi ulikuwa wa nyumbani.

"Mafuta ni ya nani?" Ulysse alikuwa akipiga meza mpaka vikombe vinaruka. "Si yetu? Nimeyakalia kila siku, nalala juu yake, halafu nayanunua kama dhahabu! Lori langu likisimama wiki moja, mke wangu atanipika mimi badala ya kamba. Hiyo siyo dharura?"

"Siyo," alisema Clovis.

"Nimemaliza hotuba nzima, bwana, wewe unanijibu neno moja!"

"Linatosha."

Earline alikuwa akifuta kaunta ileile mara ya tatu, akijifanya hasikii. Alimpenda Clovis. Niseme wazi, maana mji mzima ulijua, ila yeye peke yake ndiye aliyedhani ni siri. Na kosa lilikuwa lake mwenyewe kwamba hadi siku hiyo hajaolewa naye.

Ilikuwa hivi. Kwa watu wa kule, mdogo akitangulia kufunga ndoa, mkubwa aliyebaki hucheza dansi na ufagio siku ya harusi, mbele ya ukumbi mzima. Earline alishacheza na ufagio kwa wadogo zake watatu. Kisha mmoja wao, Dudley, akafiwa na mke, akaoa tena, na shangazi mmoja asiye na haya akaamua kwamba harusi ya pili nayo inahesabika. Ufagio ukaletwa, umefungwa utepe. Earline aliuzungusha ukumbini huku anacheka kwa meno tu, na machozi yako karibu. Ndipo Clovis alipoingia uwanjani, akauchukua ule ufagio kwa heshima, akauegemeza ukutani, akacheza naye hadi mpiga kodiani alipoomba maji.

Jumatatu yake akaja dukani na shati lililopigwa pasi, kofia mkononi. Mtu mwenye akili angesubiri duka liwe tupu. Clovis hakusubiri.

"Bi Earline," alisema, mbele ya meza nzima, "ningependa unioe. Yaani, nikuoe. Yaani, tuoane."

Ulysse alipaliwa na kahawa. Earline akaona macho yote yamemganda, damu ikampanda usoni, na ule ulimi wake ukatangulia kabla ya moyo.

"Nitaolewa na wewe siku petroli itakaposhuka chini ya dola tatu!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Clovis hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa masharti ya haki kabisa, akanunua kahawa yake, akaondoka. Earline akaingia chumba cha barafu, akasimama katikati ya makreti ya bia, akajiita mjinga kwa lugha mbili. Kulifuta neno lile hakuweza. Mbele ya Ulysse? Afadhali afe.

Tangu siku hiyo, siasa za Coteau Rouge ziliharibika kabisa. Akina mama ambao hawakujua hata jina la waziri wa nishati sasa walikuwa wakimwandikia barua za kudai hifadhi ifunguliwe haraka. Padre aliombea nafuu ya bei "kwa nia maalumu," na waumini wakakohoa kanisa zima. Ulysse alichapisha vipeperushi. Ni Clovis peke yake aliyebaki palepale: hapana, hapana, hapana.

Alhamisi moja mbunge akaja na kamera zake. Alitaka hifadhi ifunguliwe, na alitaka kulisema hilo chini ya kibao cha Earline, ile bei ikionekana vizuri nyuma ya kichwa chake. Mji wote ukajaa pale mbele ya pampu. Mbunge aliongea, akapigiwa makofi, kisha akauliza kama yupo mtu aliyefanya kazi kwenye mapango yale.

Clovis alisukumwa mbele na mikono kama ishirini. Ulysse alimnong'oneza, yaani mji mzima ulisikia: "Sema ndiyo tu, babu wee! Ndiyo moja, umepata mke!"

Clovis akavua kofia. Earline, mlangoni, alishika fremu kwa mikono miwili. Alikuwa anaomba aseme ndiyo. Hata uongo angemsamehe.

"Mheshimiwa," Clovis alisema, "yale mafuta niliambiwa ni ya dharura. Kimbunga kikibomoa viwanda, vita vikifunga bahari, fungueni, nitakuja mwenyewe na spana yangu. Lakini bei kupanda ni kero. Kero siyo dharura. Na hapa hakuna mtu anayeumia na bei hii kunishinda mimi, nyote mnajua kwa nini. Bado nasema msifungue."

Kisha Ulysse akalipuka: "Clovis, punguani wewe! Mwanamke huyo hapo!"

Watu wakaangua kicheko, mbunge akaangalia karatasi zake kuona kama zinamwambia la kufanya, na Earline akahisi kitu kinampanda kifuani, hasira na furaha vimeshikana mikono. Mwanamume aliyekataa kusema uongo hata kwa ajili yake! Angempata wapi mwingine? Akaingia ndani, akatoka na mti wake mrefu na boksi la tarakimu. Akapita mbele ya kamera bila kuomba radhi. Akabandua tatu. Akabandua nane. Mbili ilikuwa na vumbi la miaka, akaifuta kwa aproni, akaipandisha. Kisha tisa, karibu na ile tisa ya zamani.

Dola mbili na senti tisini na tisa.

Honi zikaanza barabarani, kwanza moja, kisha zote. Mtu mmoja alimkumbatia mpiga picha. Ulysse alikimbilia lori lake ili awe wa kwanza kwenye foleni, njiani akageuka, akapiga kelele, "Hongera, shemeji!" bila hata kusema anamwambia nani.

Clovis alifika chini ya kibao, ameinua kichwa, hofu imemjaa usoni.

"Bi Earline, rudisha bei. Kwa bei hii utakuwa umefilisika kabla ya Jumapili."

"Najua."

"Huwezi kuuza hasara hivihivi, bila sababu."

"Clovis Mouton," alisema Earline, akiuegemea mti wake, anahema, "nina miaka hamsini na nane. Hii ni dharura."

Clovis alilitafakari jambo hilo kwa makini, kama alivyotafakari kila jambo, kisha akavaa kofia yake na kukubali kwamba safari hii ilikuwa dharura kweli.