Kasa Aliyeulizwa Anataka Nini

Juzi niliona mfuko wa bluu umenasa kwenye mikoko, miguu yangu ikataka kucheza.

Nilipokuwa mtoto, shuleni kwetu Somanga tulitunga ngoma ya bahari inayochafuliwa, na kasa nilikuwa mimi. Wenzangu walinizunguka wakinifunga mifuko tuliyoiokota ufukweni, inanuka mwani na dagaa waliooza. Ngoma ikazidi kasi, moyo nao ukaifuata, hadi nikaanguka, nikafa. Nilikufa vizuri mno.

Bibi yangu akachomoka kwenye watazamaji, akanifunika kanga. "Jamani, mjukuu wangu kapandwa na pepo!" Kisha akaniinamia sikioni, kwa adabu wanayosemeshwa nayo mapepo: "Shikamoo, mgeni wetu. Unataka nini tukupe?"

Nilikasirika, nikidhani anatuharibia ngoma. Leo najua ndiye aliyeimalizia.

"Nataka mnivue mifuko!" nikapiga kelele.

Kinamama wote wakaingia uwanjani, wakanivua mfuko mmoja mmoja kwa vigelegele, nami nikainuka nikicheza.

Bibi hakukubali kamwe kwamba nilikuwa naigiza. Tangu siku ile, kila alipokwenda pwani alirudi na mifuko aliyoiokota, maana pepo akishaomba hanyimwi.