Watoto Watano wa Kufungulia Chupa

Tarehe ya mpwa wangu kuchanjwa surua ilikuwa Alhamisi moja, siku ambayo zahanati yetu, huku Nachingwea, ilijaa akina mama mpaka nje. Mimi ndiye niliyemzuia dada asiende. Mtoto alikuwa na mafua kidogo, nami, msomi wa nyumba nisiye na ajira, nilishinda na simu nikisoma kila baya linaloweza kumpata mtoto mwenye mafua. Dada alinisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alinisikiliza.

Alhamisi iliyofuata niliwasindikiza. Mchana huohuo shemeji angewapitia na pikipiki wawahi gari la Ruangwa, waende kwenye mikorosho yao ya Chinongwe, wakae huko mpaka msimu uishe.

"Wiki iliyopita mlikuwa wapi?" nesi aliuliza, akiiangalia kadi.

"Alikuwa na mafua," nikajibu mimi.

"Mafua kidogo hayazuii chanjo, mdogo wangu. Mngemleta, tungemwangalia hapahapa."

Akatueleza. Chupa moja ni ya watoto kumi. Ikishachanganywa inadumu kwa muda wa saa sita tu, inayobaki inatupwa. Chini ya watoto watano alikuwa hafungui. Kwenye benchi walikuwa wawili, wetu na mwingine mmoja.

Nikatoka kwenda kutafuta watoto.

Nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa, watu wako kwenye korosho. Kwenye mojawapo iliyokuwa wazi, mtoto alikuwa ameshachanjwa. Kwingine nilimkuta bibi na mjukuu wa miezi tisa, lakini hakutaka kumpeleka bila kumuuliza mama yake, na mama yuko shamba. Bombani wanawake walinicheka.

"Msomi anatafuta watoto, na mke hana!"

"Kaka, ungesema mapema, tungekuzalia!"

Nilicheka nao huku naangalia saa. Mmoja wao aliacha utani, akasema wake yuko kwa jirani, atamalizia maji kwanza ndipo amlete. Mwingine alimfunga wake mgongoni, akanifuata palepale.

Tuliporudi, wakawa watatu. Shemeji alikuwa ameshafika na hakuzima pikipiki.

"Tusubiri kidogo," dada alimwambia.

"Kidogo mpaka lini? Gari likituacha, tunalala wapi?"

Nesi aliirudisha kadi. "Mpeleke kituo cha karibu na huko wiki hiihii. Usingoje korosho ziishe."

Dada aliitikia, akapanda pikipiki na mtoto. Hakuniangalia. Nilitaka kumwambia ashuke, lakini ushauri wangu ndio uliotufikisha pale, nikawaacha waondoke.

Haikupita hata saa moja, yule bibi akaja na mjukuu, ameshamuuliza mama yake. Nyuma yake yule mama wa bombani aliyebaki kumalizia maji, pamoja na jirani yake, kila mmoja na mtoto.

"Haya, watano," nesi akasema, akaifungua chupa.

Nilimpigia dada. Hapatikani. Nikapiga tena.

"Msomi, nishikie huyu," yule mama wa bombani akaniambia. "Mimi sindano siwezi kuitazama."

Nikamshika mtoto wake mkono. Ulikuwa mnene na wa moto, kama wa mpwa wangu. Alipolia, simu ilikuwa bado sikioni mwangu, na ile sauti ya kwenye simu ilikuwa inarudia kuniambia nijaribu tena baadaye.