Toroli la Saa Nne

Hebu mwone akiingia. Ni saa moja na nusu asubuhi, kwenye ngazi za nyuma za jengo la sayansi, na anapanda kwenda ghorofa ya tatu. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, raba miguuni, begi kalibana kwapani, na mkononi ndoo ndogo ya plastiki kama mtu anayekwenda kuosha vyombo. Siku ya kwanza mlinzi wa mlangoni alimuuliza ndani ya ndoo kuna nini. Akajibiwa: maji ya chumvi na shampuu ya watoto. Mlinzi akaona heri asiulize zaidi, na hajauliza tena mpaka leo.

Ndoo hiyo ndiyo kazi yenyewe. Maabara anayofanyia inachunguza jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Kuna kofia za neti laini, kila moja ina sponji ndogondogo zaidi ya mia, na kila sponji ina waya wake. Ukiziloweka kwenye yale maji, ukamvika mtoto polepole, kofia inausikiliza ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Haichomi, haiingizi kitu, inasikiliza tu, na kompyuta ya chumba cha pili inachora mistari. Yeye kazi yake ni kupima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, kutia alama utosini, kuvisha kofia, na kuhakikisha mtoto haangui kilio kwa dakika kumi na mbili. Ukidhani ni jambo dogo, mlowanishe mtoto wa miezi mitano kichwa kisha umwombe atulie atazame picha. Wapo wenye shahada tatu waliojaribu wakatoka mle ndani wamelowa wao.

Kinamama wamempa jina la Mama Kofia. Mwenyewe hajazaa. Akiulizwa, anasema kofia anazo tano na zinamtosha kwa usumbufu.

Hakuna aliyemfundisha. Aliajiriwa kuchapa barua, miaka tisa iliyopita. Aliyekuwa akivisha kofia akaacha kazi Jumatatu, na Jumanne mtoto akaletwa. Mchapaji akainuka kwenye kiti chake, akaosha mikono, na hakurudi tena kwenye kile kiti. Leo anaitwa mtafiti msaidizi, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka unaandikwa upya na mkuu wa maabara, ambaye wote wanamwita Daktari.

Daktari si mtu mbaya, tusimwonee. Mchapakazi, anakuja kabla ya wengi. Mwaka huu alitaka kujua kama watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, wanakaza macho kwenye picha kama wenzao waliotimiza miezi. Wakapimwa njiti ishirini na wawili, na wenzao idadi hiyo hiyo. Kila mtoto alirekodiwa kwa kamera. Baadaye watu wawili, kila mmoja peke yake, wanaitazama video na kuhesabu sekunde ambazo mtoto alitazama picha na ambazo aligeuka. Wanaitazama bila sauti, wala hawaambiwi mtoto ni wa kundi gani, ili masikio na huruma visivuruge macho. Wakimaliza, wote wawili wanatia sahihi kwenye fomu. Bila sahihi mbili, hesabu haiendi popote.

Wahesabuji walikuwa Mama Kofia na kijana mmoja anayeitwa Asilimia, kwa sababu hana jibu lisilo na asilimia ndani yake, hata ukimuuliza kama ameshiba.

Majibu yakatoka: njiti wanageuka mno. Daktari akafurahi, maana ndivyo alivyotabiri. Ripoti ikaandikwa kwamba njiti wana umakini hafifu, na barua zikaandaliwa kwa kila mama wa njiti kumweleza hivyo, zikisubiri tu zile sahihi mbili.

Ila kuna jambo moja Mama Kofia hakuridhika nalo. Kwenye zile video alikuwa ameona vichwa vikigeuka upande mmoja tu, kushoto. Mtoto aliyechoka hutazama popote: dari, vidole vyake, pua ya mamake. Hawa wote walitazama mlangoni. Hesabu ilipofungwa, akazirudia zile video, safari hii na sauti. Ikasikika kwenye korido: kwii, kwii, kwii, vikombe vikigongana. Toroli la chai, ambalo kwa miaka yote alikuwa amelizoea hata halisikii tena.

Toroli hupita saa nne asubuhi. Njiti waliletwa saa nne asubuhi, siku za Jumanne, kwa sababu ndiyo siku yao ya kliniki hapo ng'ambo ya barabara. Wale wengine waliletwa mchana, wakati toroli limeshaegeshwa. Katika njiti ishirini na wawili, kumi na tisa walipitiwa na toroli wakiwa na kofia kichwani. Na ile sheria nzuri ya kutazama bila sauti ndiyo iliyowaziba wote masikio.

Alimpelekea Daktari maneno hayo siku hiyo hiyo, pamoja na orodha ya dakika ambazo toroli lilipita kwenye kila video. Daktari alimsikiliza akiwa amesimama. Akasema ubongo imara hupuuza kelele, kwamba wageni wanaofadhili utafiti wanafika Jumanne ijayo, na kwamba mwisho wa mwezi kuna mikataba ya kuangaliwa. Kisha akasema taratibu kabisa:

"Wewe dada, kazi yako ni kofia. Anayekataa kutia sahihi anajiondoa mwenyewe."

Mama Kofia akatoka na fomu yake haijaguswa.

Asilimia alikuwa ameshatia sahihi yake. Alimfuata kwenye korido akimwambia kwa sauti ya chini kwamba, kwa kweli, anamuunga mkono asilimia themanini na tano.

"Hiyo kumi na tano iliyobaki," Mama Kofia akamuuliza, "ndiyo iliyoshika kalamu?"

Nyumbani hakupata nafuu. Anaishi na mama yake, ambaye miguu inavimba na dawa zake zinatoka kwenye mshahara huo huo, na dada yake mkubwa, karani wa mapokezi hospitali. Dada alizungumza jioni nzima huku akipiga pasi sare yake. Alisema sahihi ni wino tu; kwamba yeye mwenyewe kwa siku anatia sahihi mia na hajawahi kusoma hata moja; kwamba watu wa vyuo wataandika ripoti nyingine mwakani na hii itasahaulika. Mama alikuwa amenyoosha miguu kwenye stuli. Mwishoni aliuliza hao kinamama wenye njiti wataambiwa nini hasa. Mama Kofia akamweleza. Akamweleza na habari za mama mmoja muuza viatu, ambaye wiki iliyopita alikuja kuuliza kama ni kweli wanawe pacha, njiti wote wawili, wataandikwa wazito wa akili, maana baba mkwe wake anasubiri kusikia hivyo ili apate la kumsema.

"Basi usisaini," mama akasema. "Miguu ni yangu, nitajua pa kuiweka."

Dada akakung'uta sare, akasema nyumba hii imejaa vichwa vigumu na yeye ndiye anayeachiwa vyombo vichafu.

Kesho yake Mama Kofia alifanya mambo mawili. La kwanza, alimshauri Daktari kwamba wageni wapokelewe ndani ya chumba cha vipimo chenyewe, wazione kofia kwa macho yao. Daktari akalipenda wazo, akadhani mtu amelainika. La pili, alishuka jikoni kwa mama wa chai, akamsihi kwamba Jumanne asilipake mafuta gurudumu la toroli.

Mama wa chai alimtazama juu mpaka chini. "Mwanangu, miaka mitatu naomba mafuta ya gurudumu hili ofisi zote. Leo ndiyo mnaniletea ombi nisilipake?"

Jumanne ikafika. Chumbani watu tisa: wageni wanne, Profesa ambaye ni mkuu wa idara, Daktari, Asilimia, na wanafunzi wawili. Mama Kofia alikaa pembeni na ndoo yake miguuni, kalamu mkononi. Daktari alieleza vizuri, picha ukutani, mistari ya njiti kwa rangi nyekundu. Alikuwa amefika pale pa umakini hafifu saa nne ilipotimia.

Kwii, kwii, kwii.

Vichwa vikageuka kushoto. Vyote. Mgeni mmoja akajinyoosha kabisa aone kama kuna sambusa. Daktari mwenyewe alikatisha neno katikati, akatazama mlango.

Mama Kofia akasimama.

"Samahani, Profesa. Nimehesabu watu tisa, na wote tisa mmegeuka, wa haraka kuliko wote ni Daktari. Watoto wangu kumi na tisa waligeukia kelele hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Kama wao wana umakini hafifu, tuandikeni na sisi."

Mgeni wa sambusa akacheka peke yake, akaacha. Profesa akaomba ushahidi, akapewa ile orodha ya dakika. Akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, na chai ikapoa.

Barua za kinamama hazikutumwa. Profesa aliagiza njiti wote wapimwe upya, korido ikiwa imefungwa. Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Lakini mikataba bado iko mikononi mwa Daktari, na Daktari aliaibishwa mbele ya wageni wake. Alhamisi Mama Kofia akapewa bahasha. Ndani mna mkataba wa mwaka, na karatasi ya kuomba radhi inayosema kwamba "alipotosha wageni kwa makusudi." Atie sahihi zote mbili au asitie hata moja. Asipotia, atakayevisha kofia ni Asilimia, ambaye hajawahi kumtuliza mtoto zaidi ya dakika mbili. Na mtoto anayelia hapimiki, na asiyepimika, jibu lake linabaki lile la zamani.

Alikata neno "alipotosha" kwa kalamu, akaandika juu yake "aliwaonyesha," akairudisha. Ikarudi nakala safi, haina hata doa, na ujumbe kwamba mwisho ni Ijumaa saa sita.

"Kwa aibu niliyomtia namwomba radhi hata kwa magoti," alimwambia Asilimia aliyeileta. "Kwa uongo, atafute kalamu nyingine."

Sasa ni Ijumaa, saa tano na robo. Kofia tano zimeanikwa dirishani, zinachuruzika. Yule muuza viatu ameshapiga simu kwamba Jumanne ataleta pacha wake wote wawili, na karatasi iko mezani, bado haina sahihi. Wewe ungekuwa kwenye kiti chake, ungekubali kuitwa mwongo ili watoto wale wapimwe kwa haki?